Mkasi wa Effie Geddes

Saa kumi na moja alfajiri, honi ya kiwanda cha juti haijalia bado, na Effie Geddes keshafika orofa ya tatu. Mkononi ana kikapu cha chupa za maziwa yaliyochemshwa. Mfukoni ana mkasi.

"Bi Rattray, fungua!"

"Umekuja kunikata pua?"

"Pua baki nayo. Nautaka ule mpira."

Mji wetu wa Dundee, huku Uskoti, wote unaujua huo mpira. Mtoto analazwa na chupa, mpira mrefu kama bomba ukitoka chupani hadi mdomoni, anyonye mwenyewe wakati mama yuko kiwandani. Shida ni kwamba maziwa huganda ndani, na hakuna brashi inayofika huko. Joto la Agosti likiingia mtoto anaharisha, na jeneza dogo linashuka ngazi.

Mwaka 1907, kati ya kila watoto watano waliozaliwa hapa mtaani Kettle Row, mmoja hakumaliza mwaka. Archie, mwana wa Effie, alikuwa miongoni mwa hao.

"Nilimwacha mnono kama mkate," anasema. "Waliniambia ni mapenzi ya Mungu. Nikaunusa ule mpira. Mungu hanuki vile."

Akaacha kufuma juti, akaingia nyumba ya maziwa, inayowagawia akina mama maziwa salama ya watoto, kwa mshahara mdogo kuliko wa kiwandani. Mama akitoa mpira wake, anapewa chupa yenye mdomo huku na huku, maji ya kuoshea yanapita moja kwa moja. Mpira wenyewe Effie anaukata papo hapo, usije ukarudi. Majirani wamemwita Mkasi, naye anaitika.

Mwaka jana vifo vilishuka kwa nusu. Mabwana wa mjini wanasema ni kwa sababu kiangazi hakikuwa na joto.

"Joto lilikuwepo, na mimi nilipanda nalo ngazi hizi," anasema Effie, kidevu juu. "Waliowaokoa watoto ni wanawake wa Kettle Row."

Alfajiri hii ya Juni aliyebaki na mpira ni Bi Rattray peke yake, anayemlea mjukuu wake Dougal.

"Mpira huu umenilelea wanane, we binti!"

"Wako wapi, mama?"

Bibi anatazama dirishani, kisha anautoa mpira chini ya susu anayolala Dougal. "Wako watatu. Haya, kata. Na usinitazame."

Kettle Row hatumfumii mtoto soksi za mwakani kabla Agosti haijapita. Ni kujitafutia kilio.

Sasa ni Agosti yenyewe, na ngazi zinanuka joto. Effie anataka kiangazi kijacho seremala wetu, mzee Pirie, asipigilie jeneza dogo hata moja. "Atutengenezee viti vya watoto," anasema. "Vitahitajika."

Anabisha orofa ya tatu. Dougal yupo sakafuni, anatafuna kijiko. Bi Rattray ana sindano mkononi, anafuma.

"Soksi kubwa hivyo, za nani?"

"Za Dougal," anasema bibi, bila kuinua macho. "Weka maziwa hapo, Mkasi. Uniletee na uzi, huu hautoshi."