Nywele Zilizozikwa Kibuta

Jambo zima limenigharimu shilingi laki nane na elfu sitini, nimehesabu mara mbili, na dada mmoja, ambaye sijui nimhesabu vipi.

Binti yetu alizaliwa na nywele nyingi. Siku ya arobaini dada yangu mkubwa alimnyoa, akazifunga nywele kwenye kipande cha kanga, akazizika nyuma ya nyumba ya wazazi wetu Kibuta, mahali anapopajua yeye tu, ndivyo tunavyofanya. Hazikuota tena. Mtoto alipoanza kusimama, miguu ikapinda. Na hapa Mkuza tulikuwa tunamwotesha jua kila asubuhi, saa nzima. Jua ni bure, nami cha bure sijawahi kukipunja.

Mama mkwe akauliza, "Mwanangu, nywele za mtoto zilipo nani anapajua?"

"Dada peke yake."

"Haya. Umeshajijibu."

Nikaenda Kibuta mchana kumwambia dada azifukue. Alichimba kwa mikono, macho kwangu, si kwenye shimo. Kanga ilikuwa imeoza. Nywele zilikuwepo zote, laini, zinang'aa kama za asubuhi ile. Mikorosho ilikuwa kimya, hakuna hata kunguru.

"Hesabu," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

Akaingia ndani. Hajanisemesha tangu siku hiyo.

Ndipo tukampeleka mtoto hospitali. Majibu ya damu yalipotoka, daktari alisema mtoto ana vitamini D kunizidi mimi. Chenye hitilafu ni kipokezi cha vitamini hiyo ndani ya seli.

"Kinauzwa bei gani?"

"Hakiuzwi, baba."

Akanieleza. Jeni zimo kwenye uzi mrefu uliozungushwa kwenye vidonge vya protini. Kipokezi hukaa juu ya uzi na kuita wasaidizi wake. Mahali pengine wanaulegeza, jeni isomeke. Pengine wanaukaza, jeni inyamaze. Kwenye mashina ya nywele kazi yake kubwa ni kunyamazisha, tena hata vitamini isipokuwepo. Kwa binti yangu hakuna anayekaza. Yaliyopaswa kufungwa yamebaki wazi, yanasomwa tu, na nywele zimekosa zamu ya kuota.

Siku hizi nikimfuta jasho kichwani najikuta nimetega sikio. Kichwa laini, cha moto, kimya kabisa. Na humo ndani jeni zinaongea zote kwa pamoja.

Anawekewa dripu za kalsiamu, miguu inanyooka taratibu. Nywele daktari hakuniahidi. Hitilafu yenyewe, alisema, amerithi pande zote mbili: moja kwangu, moja kwa mama yake. Nimehesabu mara mbili; dada hayumo.

Nimemtumia ujumbe, hajibu. Nimepeleka mchele kilo kumi, umerudi kilo kumi, nimeupima. Mama mkwe anasema niache, yatapita. Ninyi mliowahi kumshuku ndugu wa damu kwa uchawi, mkamkuta hana kosa, nishaurini: mliingiaje tena nyumbani kwake, na neno la kwanza lilikuwa lipi?