Gharama za Kesi Zenye Pembe

Mpaka leo sijui wakili yule alimpandishaje mbuzi hadi ofisini kwake, ghorofa ya tatu. Najua tu niliyoyasikia kwenye dirisha la masijala ya mahakama, Malindi. Mama muuza viazi karai alikuwa amewekewa zuio la muda asikaange, maana jirani yake alilalamikia moshi. Sasa zuio limetenguliwa, na jirani ameamriwa amrudishie gharama za wakili.

"Andika ni shilingi ngapi, mama," alisema karani.

"Mwanangu, nililipa mbuzi wa maziwa. Wajukuu zangu wanakunywa chai kavu. Shilingi hukamuliwa?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Jirani, aliyesimama nyuma yake na tai shingoni, alicheka hadi akashika ukuta.

"Haya dadangu, ninaye mmoja. Ila ana kichwa kigumu."

"Basi umemlea mwenyewe!"

Nimesoma mengi kuhusu haki, lakini sikumbuki palipotajwa kukamua. Wakakubaliana mbuzi kwa mbuzi, karani akayaandika. Jioni nilimwona jirani mwenyewe akimpeleka mbuzi kwa yule mama, akimvuta kwa ile tai.