Mabomba Mawili Mbele ya Kinyozi

Kila alipofika kwenye kona ya duka la vitambaa, Mzee Timazi alimshika binti yake mkono, akamvusha barabara, akamwambia, "Subiri hapo." Kisha yeye mwenyewe aligeuka, akarudi upande walikotoka, akapita chini ya lile jengo kuukuu la ghorofa tatu. Aligonga bomba la kwanza kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akagonga la pili, akatega sikio. Ndipo akavuka tena kumfuata mtoto, honi zikimlilia kushoto na kulia. Hakuna siku aliyoacha. Wawe wamechelewa shule, wawe wanawahi hospitali, wawe wametoka mazikoni na nguo zao za mazikoni, mabomba yaligongwa.

Yalikuwa mabomba ya chuma, manene kiasi cha mkono wa mtu mzima, yamesimama ukingoni mwa njia ya waenda kwa miguu, mbele ya kinyozi. Juu yake ililala kofia ya jengo, kama mafundi walivyoiita: bamba refu la zege lililochomoza kutoka ukutani, juu ya vichwa vya wapita njia. Mvua ikinyesha, nusu ya mtaa ilijibanza chini ya kofia ile. Kibao cha kinyozi kilining'inia katikati ya mabomba, na kinyozi mwenyewe, kila aliposikia yanagongwa, aliitikia kutoka ndani bila kuacha kukata nywele: "Karibu, mzee! Mlango uko huku!"

"Nimeshakaribia," Timazi alijibu, akaenda zake.

Nyumbani, mkewe alikuwa na maelezo yake. "Anabisha hodi kwa bi mdogo," aliwaambia wageni. "Miaka yote hiyo hajafunguliwa. Yule mwanamke ana msimamo, nampa heko." Timazi alicheka pamoja nao mpaka akakohoa. Mkewe alikwenda kaburini na utani wake uleule.

Jina la Timazi alipewa na waashi wenzake, kwa ile kamba yenye kipande cha chuma wanayoining'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. Yake ilikaa mfukoni hata siku za harusi. Ukuta alioujenga yeye ulikuwa hauna haja ya kupimwa mara ya pili, na watu walisema hata kitandani hulala amenyooka kama rula.

Binti alikua, akaacha kushikwa mkono, lakini kuvuka hakuacha. Alipata kazi katika duka la kutoa nakala, upande uleule wa jengo, milango minne mbele. Kila asubuhi alivuka penye kona ya vitambaa, akatembea hatua mia hivi, akavuka tena kurudi. Hakujua kwa nini. Miguu ilikuwa imeshazoea. Kutoka mlangoni mwa duka alimwona baba yake, amestaafu sasa, goti moja bovu, akija polepole kugonga chuma kama mtoto. Siku moja mteja alimuuliza, "Dada, yule mzee vipi? Mzima kweli?" Yeye aliinamia mashine, akasema, "Simjui vizuri." Mashine ikatoa karatasi zake, mteja akalipa, akaondoka. Neno lile lilibaki pale dukani naye, na alilikuta tena kesho yake, na kesho yake.

Alhamisi moja aliingia mtu mwenye ovaroli ya vumbi, akataka nakala kumi za karatasi ya kazi. Binti aliisoma huku taa ya mashine ikipita juu yake. Jengo kuukuu lilikuwa linavunjwa. Ijumaa asubuhi, vyuma vyote vya nje vinatolewa. Jumatatu, mashine kubwa inaingia.

Jioni alimpelekea baba yake habari kama zawadi. "Baba, bi mdogo wako anahamishwa. Wanavunja jengo."

Uso wa mzee ulifunguka. "Kweli? Wanavunja? Asante Mungu!" Kisha akauliza, "Wanaanzia wapi?"

"Kesho wanatoa vyuma kwanza. Madirisha, milango, yale mabomba yako."

Timazi aliweka kikombe mezani, kikagonga kisahani. Halafu akavua kandambili yake, akaiweka mezani, nusu yake ikiwa hewani.

"Baba! Mezani?"

"Tazama hapa." Alishikilia nyuma kwa kiganja, akabonyeza ile ncha ya mbele. "Kitu kilichochomoza hivi, kikilemewa, kinachanika wapi? Juu au chini?"

Binti aliinama. Kandambili ilikuwa kuukuu, na mikunjo ilifunguka kwa juu. "Juu."

"Juu. Kwa hiyo nondo, vile vyuma vya ndani ya zege, zinakaa juu. Lakini sakafu ya chumba, iliyoshikwa pande zote, inachanika chini, nondo zinakaa chini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Siku ya kumwaga zege la ile kofia, fundi mkuu aliumwa, akaniachia mimi. Nikafunga nondo kama nilivyofunga sakafu zote. Chini. Nilijisifu siku hiyo, nakwambia."

"Halafu?"

"Miezi mitano baadaye nikapanda kuziba bati, nikaona ufa. Juu, pale kofia inapoungana na ukuta, toka mwanzo hadi mwisho. Nikamwendea mwenye jengo, nikamwambia, weka mabomba mawili hapa mbele, utundike kibao, duka lipendeze. Akapenda. Ufa nikaupiga lipu. Tangu hapo mabomba ndiyo yanayobeba, nami nayagonga nisikie kama bado yamekaza."

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

Mzee aliivaa kandambili yake. "Walikuwa wameshaanza kuniita Timazi."

Hakulala vizuri usiku ule, na binti hakulala vizuri. Asubuhi walitoka pamoja. Penye kona ya vitambaa mzee alisimama kwa mazoea, akamtazama binti yake, kisha barabara. "Vuka," akasema. Safari hii binti alikataa. Alimshika mkono, wakaenda wote wawili moja kwa moja.

Walikuta kinyozi ameshahamisha viti vyake. Utepe wa plastiki ulikuwa umefungwa kwenye milango, lakini njia ilikuwa wazi, na watu walipita chini ya kofia kama siku zote: wanafunzi, wachuuzi, mama mwenye mtoto mgongoni akibishana na simu. Kijana mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya bomba la kwanza, mashine ya kukatia chuma mkononi, anatafuta pa kuchomeka waya.

Timazi alilikumbatia bomba.

Wafanyakazi waliangua kicheko. "Mzee, huyo ni shemeji yetu?"

"Mwacheni, anaaga!"

Msimamizi wa kazi alikuja, mwanamume mnene mwenye helmeti iliyombana paji la uso. "Shikamoo, mzee. Hapa si mahali pa kusimama, ni hatari."

"Marahaba. Hatari ndiyo iliyonileta. Ukikata hili bomba, kofia inakuja chini na watu wote hawa."

"Mzee wangu, kofia haishikwi na bomba la kibao. Inashikwa na nondo zake. Jengo lina miaka arobaini na tano."

"Nondo zake ziko chini."

"Nani kakwambia?"

Binti aliuona mkono wa baba yake umeingia mfukoni, kwenye kamba yake. "Sikuambiwa," Timazi alisema. "Nilizifunga mimi."

Kisha mwashi mmoja aliyekaa juu ya ndoo, mtu mzima mwenye saruji ya miaka kwenye kucha, alipiga paja. "Chini? Kwenye kofia? Wallahi! Chini!" Na wenzake wakacheka, kwa sababu kila mmoja wao alijua.

Hicho ndicho kicheko alichokikimbia miaka arobaini na tano. Binti alisubiri baba yake anywee. Lakini mzee alisimama wima, akakingoja kiishe, akamwambia yule wa kwenye ndoo, "Ndiyo, chini. Utamalizia kucheka ukishaleta mbao za kuegemeza."

Mfanyakazi aliyekuwa karibu na binti alimnong'oneza, "Dada, unamjua huyu mzee?"

"Ni baba yangu," alisema, kwa sauti ambayo hata kinyozi aliisikia ng'ambo ya utepe.

Msimamizi hakuwa mtu wa kubisha bure. Alipandisha mtu kwa ngazi, akamwambia abandue lipu kidogo kwa patasi. Yule wa juu aligonga mara tatu, akachungulia, akaingiza vidole viwili hadi mwisho. "Bosi," aliita, na sauti yake haikuwa na utani. "Funga njia. Funga sasa hivi."

Njia ilifungwa pande zote mbili. Watu walilalamika, wakatukana kidogo, wakazunguka. Magogo yaliletwa, kofia ikaegemezwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha ikavunjwa kwa nyundo, kipande kwa kipande, kuanzia ukingoni kwenda ukutani. Timazi alikaa kwenye kiti cha kinyozi, ng'ambo ya barabara, akaelekeza kwa kidole. Ilipofika saa kumi palibaki mabomba mawili yamesimama peke yake, hayana cha kubeba. Hakuna aliyepata hata mkwaruzo.

Msimamizi alivuka akiwa na kipande cha zege mkononi, nondo zimejitokeza. "Mafundo mazuri, mzee. Nafasi sawasawa. Umekosea upande tu." Akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, akapangusa jasho. "Mimi niliwahi kumjengea tajiri stoo bila mlango. Alikuja na kufuli mkononi, tukazunguka naye mara mbili."

Timazi alicheka mpaka akakohoa, akacheka tena, kisha akashusha pumzi ndefu iliyomfanya binti ageuke kumtazama. Hakuwahi kumsikia baba yake akipumua hivyo.

"Kwa hiyo hukuwa unabisha hodi kwangu," kinyozi alisema.

"Nilikuwa naangalia kama bado una paa."

Jumamosi ile alilala mpaka saa sita mchana, amejikunja upande mmoja kama mtu mwingine yeyote.

Jengo liliondoka kwa wiki mbili. Mahali pake paliwekwa uzio wa mabati, na mwanga uliingia katika duka la nakala mpaka kwenye mashine ya nyuma. Goti la Timazi lilimweka nyumbani, naye hakulinung'unikia. Hakuwa na pa kwenda kila asubuhi. Alikaa mlangoni, juani, akiwasimulia wapita njia habari za nondo zake, na kila mara aliifanya kofia kuwa ndefu zaidi.

Alikufa Jumanne moja alasiri, hapohapo kitini, binti yake akiwa kazini. Hakuugua, hakumwita mtu. Asubuhi ya siku hiyohiyo, binti alipokuwa anatoka na mkoba wake, mzee alimsimamisha.

"Kinyozi anasema bado unavuka pale penye kona."

"Miguu imezoea, Baba."

Timazi alitikisa kichwa, akamfukuza kwa mkono kama anayefukuza kuku.

"Nenda moja kwa moja, mwanangu. Usivuke."