Mama Spoku Hafagii Tena Wageni Wakija

Saa mbili asubuhi. Wageni wanaofadhili karakana wako njiani, lakini Mama Spoku hajafagia. Viti vya magurudumu vimejaa hadi kibarazani: kimoja hakina tairi, kingine kimechanika pa kukalia, cha tatu kimelala ubavu. Yeye amepiga magoti katikati yao, spana mkononi, grisi hadi kwenye kiwiko.

"Waone hivihivi," anasema, akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Mwaka jana nilijifanya msafi, nusura niwaponze watu wangu."

Mwaka jana hakuwa na la kuchekea. Mjane huyu, aliyerithi spana za mumewe fundi baiskeli, alikuwa na kikundi kidogo cha akina mama wenzake, wakitengeneza viti vya wasiojiweza bila malipo. Kodi ikawashinda. Mwenye nyumba akampa mwezi mmoja: alipe au afunge. Akifunga, wateja wake wangerudi kutambaa sakafuni.

"Usingizi uliniruka kabisa," anasema.

Ndipo aliposikia habari za mfuko wa jamii wa Wakristo. Makanisa ya mji, makubwa kwa madogo, huchangia kapu moja. Wapo waumini wanaouachia hata viwanja katika wosia. Fedha huwekezwa, na faida yake hugawiwa kila mwaka kwa vikundi vinavyosaidia watu mtaani, wa dini yoyote. Ila hawatoi kwa maneno matupu. Hutuma watu wawili waje waione kazi kwa macho yao.

Basi Mama Spoku akapeleka ombi, na siku ya wageni akajiandaa. Alipiga deki, akatandika kitambaa cha meza, akavaa gauni la kanisani. Viti vibovu vyote akavisukumia kwa jirani yake mshonaji. Hata mwalimu mstaafu aliyekuwa akisubiri kiti chake akabebwa juujuu, akafichwa nyuma ya pazia la kupimia nguo.

"Nimelelewa hivyo, mgeni haonyeshwi fujo," anajitetea.

Wageni, muuguzi mstaafu na mchungaji kijana, wakakaribishwa chai. Muuguzi akaangaza huku na huku. "Mama, kazi yenyewe iko wapi?"

"Imeisha yote!" akajibu kwa fahari.

Wageni wakatazamana. Muuguzi akashukuru kwa chai, akachukua mkoba wake. Alikuwa ameshafika mlangoni sauti ilipopenya ukutani: "Mama Spoku! Hao wageni wako bado tu? Mgongo unaniuma, na msalani nataka kwenda!"

"Mungu wangu! Nilitamani ardhi inimeze," anasema Mama Spoku.

Muuguzi alikwenda kwa jirani, akafunua pazia. Alipoona viti vimerundikana hadi karibu na dari, na mwalimu katikati ya vitambaa, aliangua kicheko, kisha akajifuta machozi. Mchungaji akavua koti, akambeba mwalimu hadi msalani.

"Lakini mimi si wa kanisa lenu, mchungaji," mwalimu akamwambia njiani.

"Hata kiti chako hakijabatizwa, mwalimu. Tutakitengeneza tu."

Mfuko ulilipa kodi ya miaka miwili, ukanunua mashine ya kuchomelea, na ukatoa posho kwa akina mama wawili wanaojifunza ufundi. Tangu hapo viti zaidi ya mia mbili vimerudi barabarani.

"Na mwenye nyumba siku hizi ananiwahi kwa salamu," anasema Mama Spoku, akijipiga paja.

Leo ana ombi jipya: pikipiki ya magurudumu matatu. "Wapo ambao hata kufika hapa hawawezi. Nataka karakana iwafuate walikolala."

Gari linasimama nje. Muuguzi anashuka, anatafuta pa kukanyaga. Mwalimu, ambaye sasa ndiye mpokea wateja, anayasukuma magurudumu yake mwenyewe, anapenya katikati ya viti vibovu na kwenda kumlaki.

"Karibu, dada," anasema. "Leo sijafichwa."