Nilivyoponywa Ukutani Ugonjwa Ambao Sijawahi Kuumwa

Baba wa babu yangu alikuwa mshona magodoro. Babu yangu alikuwa mshona magodoro. Baba yangu, mtu ambaye hakuwahi kuitwa mbele ya wazee kwa kosa la aina yoyote, alikuwa mshona magodoro. Mimi ni wa nne, na katika vizazi vyote hivyo hapakuwa na mtu aliyelala juu ya kazi ya mikono yetu, akaamka akitulaani.

Nayasema haya mapema ili msomaji aelewe nilivyojisikia asubuhi ile nilipokutana na uso wangu ukutani, nikishukuru kwa kuponywa ugonjwa ambao sijawahi kuumwa.

Naam. Uso wangu. Mkubwa kuliko mlango.

Palikuwa na picha mbili. Ya kwanza imeandikwa KABLA: nimeinama, nimekunja uso, fimbo mkononi. Ya pili imeandikwa BAADA: nimesimama wima kama askari wa gwaride, natabasamu.

Chini yake: “Mgongo ulinitesa miaka mingi. Nikalalia godoro hili, nikapona kabisa! Usihangaike tena na hospitali.”

Muuza magazeti alinitazama mimi, akautazama ukuta, akanitazama tena.

“Mzee, hongera! Mbona hukutuambia unaumwa, tuje kukupa pole?”

“Sijawahi kuumwa.”

“Ndiyo hivyo, dawa imefanya kazi mpaka umesahau.”

Nilikuwa nimetumwa sukari. Nilirudi bila sukari.

Kituo cha basi, nipo. Karibu na kinyozi, nipo. Kwenye simu ya kila mtu, nipo, nimeinama na fimbo yangu. Miguu ikanipeleka dukani yenyewe.

Duka nilimkabidhi mjukuu wangu wa kike, tunayemwita Chapchap, msomi wa biashara, mtoto ambaye alitembea kabla ya kutambaa. Nilimkuta anapiga picha magodoro.

“Ile picha niliyoinama uliitoa wapi?”

“Kwenye simu ya shangazi, Babu. Si ulikuwa unashona godoro la bwana harusi? Nimelikata godoro, ukabaki wewe.”

“Na fimbo?”

“Ni ile ya kupigia pamba. Imetokea vizuri, eti? Mkongojo kabisa!”

Nilitafuta kiti, kisha nikaona siwezi kukikalia.

“Babu, tulia. Tangazo ni tangazo. Kila duka linatia chumvi kidogo.”

“Kidogo? Wewe umemwaga gunia!”

Nikageuka kutazama bidhaa. Hapo ndipo nilipopata pigo la pili.

Lazima nieleze jambo hapa. Katika ukoo wetu godoro halifungwi kabla mnunuzi hajafika. Huachwa mshono mmoja wazi, ubavuni, unaotosha mkono wa mtu mzima. Mnunuzi huingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, huchota alichokikuta mle ndani, hukitazama kwenye mwanga. Akiridhika, tunashona mbele ya macho yake. Baba yangu alimkatalia tajiri mmoja aliyetaka kuletewa godoro lililokwisha kufungwa. “Usiponunua kwa mkono wako,” alimwambia, “kesho utanidai kwa mdomo wako.”

Sasa magodoro yote yalikuwa yamefungwa kwenye nailoni, lebo zinang’aa: PAMBA TUPU.

“Mshono uko wapi?”

“Wateja wa mtandaoni wataingizaje mkono, Babu?”

“Humu ndani mna nini?”

Chapchap, asiyekosa jibu, akaanza kulainisha lebo kwa kidole.

“Pamba. Na sponji ya kusaga… kidogo.”

“Mama, kesho nisione bango hata moja.”

“Kwenye simu lipo tangu mwezi uliopita, Babu. Na wenye mabango tumeingia nao mkataba. Mpaka mwisho wa mwezi.”

Sikungoja mwisho wa mwezi. Nilizunguka mtaani mchana kweupe nikibandua uso wangu kwa kucha. Kinyozi alitoka nje na mkasi wake. “Mzee ameanza kujichukia!” Watu wakacheka. Sikucheka. Kuna jambo lilikuwa linanichoma, na sikujua ni lipi mpaka nilipokumbuka kwamba sijamwona rafiki yangu siku nyingi.

Rafiki yangu huyo alichezesha mechi za vijana maisha yake yote, na hadi leo anaitwa Refa. Yeye ndiye mwenye mgongo mbovu. Wa kweli.

Mkewe alinifungulia mlango bila tabasamu.

“Karibu, shemeji. Mwenzio yuko ndani. Haamki.”

Refa alikuwa amelala chali. Chini yake, godoro letu jipya.

“Nimefuata ushauri wako, mwezi mzima sasa,” alisema. “Kliniki nimeacha. Mazoezi nimeacha. Sasa miguu inakufa ganzi.”

“Ushauri gani? Sikusema mimi!”

“Mdomo ulioko ukutani ni wa nani?”

Sikubishana. Nikaita teksi, tukambeba mimi, shemeji na dereva. Daktari alimpima, akatutazama sote kwa zamu.

“Mngezidi kuchelewa, miguu hii ingegoma moja kwa moja. Nani alimwambia aache matibabu?”

Shemeji alinitazama mimi. Mimi nilitazama sakafu.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya kulinda walaji. Nilidhamiria kulishtaki duka la ukoo wangu mwenyewe. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mzee, malalamiko haya tunayo tayari. Tulikuwa tunajiandaa kukuita.”

“Vyema. Nitakuwa shahidi.”

“Hapana, mzee wangu. Wewe ndiye mlalamikiwa.”

Nilidhani sikusikia.

“Leseni ya duka ina jina lako. Ushuhuda una uso wako. Na aliyelalamika ametupigia simu leo hii, akiwa kitandani hospitalini.”

Nilirudi hospitalini mbio, kama mtu anayefukuzwa.

“Refa! Umenishtaki mimi?”

“Ndugu yangu,” alisema bila kuinua kichwa, “ukicheza rafu, nikunyamazie kwa sababu tunakunywa chai pamoja?”

“Rafu kacheza mjukuu!”

“Jezi ni ya nani?”

Swali hilo lilinikosesha utulivu hadi siku ya kuitikia wito.

Tulikwenda mimi na Chapchap. Afisa hakupaza sauti hata mara moja.

“Una ushahidi gani kwamba godoro hili linaponya mgongo?”

“Wateja wanalipenda,” alijibu Chapchap.

“Kupenda ni kupenda. Nauliza kupona. Ushahidi unaupata kabla ya kutangaza, siyo baada ya kuulizwa. Anayesema kwenye tangazo lazima awe amelitumia godoro kweli, na awe ameridhia picha yake itumike. Na lebo itaje kila kilichomo, pamoja na sponji.”

Akafungua ukurasa wetu kwenye simu yake.

“Na hili punguzo la ‘wiki hii tu’, mbona lipo tangu mlipofungua ukurasa? Bei ya zamani mliwahi kumuuzia nani?”

Chapchap aliinamia viatu vyake.

“Nani alitunga tangazo hili?”

Nilimwona mtoto akifungua mdomo. Nikamtangulia.

“Jezi ni yangu,” nikasema.

Amri ikatoka: tuondoe matangazo, turudishe fedha kwa kila mnunuzi atakayetaka, tubadili lebo. Kisha likaja lililoniuma zaidi. Tangazo la kusahihisha, ukubwa uleule, mahali palepale.

Kwa hiyo nikarudi ukutani. Picha ileile niliyoinama, lakini safari hii godoro likionekana, na sindano katika mkono wangu wa pili. Chini yake: “Sijawahi kuumwa mgongo. Nilikuwa kazini. Godoro haliponyi. Mgonjwa aende hospitali.” Nilisimama chini kumsimamia Chapchap akibandika mwenyewe, juu ya ngazi, machozi yakimdondoka kwenye gundi.

“Vuta kona ya kushoto,” nikamwambia. “Imekunjika.”

Mshono umerudi. Mnunuzi wa mtandaoni hutumiwa godoro likiwa na mshono wazi pamoja na sindano na uzi, ajionee kilichomo ndipo alifunge. Asiyeridhika hulirudisha. Chapchap mwenyewe ndiye aliyelibuni hilo, na nakiri ni zuri.

Refa anatembea, polepole, kwa fimbo. Aliichagua mwenyewe dukani kwetu: ile fimbo ya kupigia pamba, iliyojifanya mkongojo ukutani. Sasa ni mkongojo kweli. Kila akipita, naisikia ikigonga lami, na sijapata bado kuizoea.

Enyi vijana mnaouza kwa simu zenu, nawataka mnisikilize. Kabla hujabonyeza kitufe cha kurusha tangazo, mfikirie mtu mmoja atakayekuamini neno kwa neno. Yupo. Amelala mahali fulani, anasoma, na anakaribia kuacha dawa zake. Kama huwezi kumsomea tangazo hilo ukimtazama usoni, lifute. Sasa hivi.