Aliyekataa Maziwa ya Baba Yake

Juma lililopita nilikuwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa cha Nyansurura. Meneja wake ni mwanamke mzaliwa wa hapohapo, aliyefanya kazi miaka mingi katika viwanda vya maziwa Kenya na Uholanzi kabla ya kurudi nyumbani.

Foleni ikamfikia mzee mmoja aliyebeba keni. Meneja akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, tata."

Alikuwa baba yake mzazi.

Meneja akachota maziwa kidogo, akayachanganya na spiriti kwenye kikombe ili kuyapima. Yakaganda. Akaifunga keni, akamrudishia mzee kwa mikono miwili.

"Tata, haya yameanza kuchacha. Siwezi kuyapokea."



"Unanikatalia mimi? Hayo ndiyo waliyokufundisha Ulaya?"

"Ndiyo, tata. Kule mwenye kiwanda mwenyewe alileta maziwa ya shamba lake, tukayakataa, na hakununa. Nikiyamwaga haya kwenye tangi, nitaharibu na ya wenzako wote."

Mzee akamkazia macho. Kisha akatugeukia, akaiinua keni juu ili kila mtu aione.

"Mmesikia? Huyu nimemzaa mimi, na amenikatalia! Sasa nani kati yenu atathubutu kumletea maziwa yaliyochacha au yenye maji?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee akaondoka na keni yake, kifua mbele.

Nimeona wazazi wengi wakijivunia watoto waliowapendelea kazini. Huyu ni wa kwanza niliyemwona akijivunia kunyimwa upendeleo, na nilitamani angekuwa baba yangu.