Madirisha Yote Yana Mapazia, Mlango Wangu Hauna Komeo

Admin, nifichie jina tu. Wenyewe wakisoma watajijua, na hao siwaogopi tena. Nahifadhi jina kwa ajili ya mwanangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike ambaye bado ananyonya. Tunaishi Tegeta kwenye nyumba ya mama mkwe wangu, mama mjane ambaye ameuza mapazia tangu ujana wake. Nyumba yenyewe ukiipita barabarani hujui kama ndani kuna watu. Kila dirisha lina pazia zito la ringi na nyuma yake jingine jepesi, na ole wako ulifungue la sebuleni kabla mama hajajifunga ushungi. Mchana kweupe tunawasha taa. Nilipoingia pale bi harusi nilimsifu moyoni, nikasema hii ndiyo nyumba ya watu wenye stara.

Baadaye ndipo nikajua kwamba stara ile ni kwa ajili ya watu wa nje. Ndani, milango ya vyumba haifungwi mchana. Unauacha wazi, linaning'inia pazia, na anayetaka kuingia anapiga hodi. Hata kwetu ndivyo tulivyolelewa, sina ugomvi na hilo, maana ukijifungia mchana unaonekana unaringa au una mambo yako. Shida ni kwamba mama mkwe hodi yake anaipiga akiwa ameshaingia. Mkono unatangulia, pazia linafunuka, ndipo sauti inafuata.

Kuna kitu lazima niwaambie ili mnielewe. Nilipokuwa mtoto nilimwagikiwa uji wa moto. Nina kovu kubwa kuanzia kifuani hadi chini ya kitovu, na titi moja halikukua kama mwenzake. Ukiacha mama yangu na dada yangu, hakuna aliyekuwa analijua. Mume wangu nilimwambia kabla ya posa, ili kama ni wa kukimbia akimbie mapema. Hakukimbia. Alisema, "Hili limeishia kwangu." Kwa maneno hayo nikakubali kuolewa naye.

Mtoto alipozaliwa nikawa namnyonyeshea chumbani, na nikiwa mbele za watu najifunika kanga. Mama mkwe likamkera. "Sie wanawake watupu humu ndani, unamficha nani?" Nikawa nacheka tu yapite. Siku moja alasiri nimetoka kuoga, nimekaa kitandani najipaka mafuta, mtoto kalala, pazia likafunuka. Mama mkwe alisimama pale, na nyuma yake wifi yangu. Sikuwahi hata kuvuta kanga. Hakugeuza uso wala hakuomba radhi. Aliniangalia juu mpaka chini, akamgeukia binti yake, akasema, "Kumbe kweli."

Maneno hayo mawili yaliniua. Mtu hasemi kumbe kweli kwa jambo ambalo hakuwa ameambiwa.

Mume wangu hakukana. Alisema mama yake alishaanza kunishuku kwamba najifunika kwa sababu nimevaa hirizi, ndipo akaona bora amwambie ukweli. "Nilikuwa nakutetea," akasema. Nikamuuliza, kunitetea ndio kunivua nguo? Akanijibu, "Yule mama yangu bwana, si mtu baki. Nimfiche nini?"

Haukupita muda kukawa na shughuli kwa jirani. Mama mmoja nisiyemjua akanipokea mtoto, akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. "Ya kuungua, mwanangu," akasema kwa upole kabisa, na wenzake wote wakainamia sahani zao. Nilimchukua mtoto wangu nikaondoka bila kula.

Nikaita fundi akanitilia komeo kwa ndani. Sikumtukana mtu, sikumnyima mtu chakula, nilitia komeo basi. Mama mkwe akalia kutwa nzima kwamba nimemfungia mlango kwenye nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Mume wangu aliporudi kazini alichukua bisibisi akalifungua mbele ya mama yake, mie nimesimama namtazama. Alipomaliza akampa mama lile komeo mkononi. Kesho yake nilimbeba mwanangu nikaja kwa dada yangu Mabibo, ndiko niliko mpaka sasa.

Jumapili hii kuna kikao. Wanakuja baba zake wadogo, mshenga na wajomba zangu. Kosa langu limeshapangwa, kwamba nimemfungia mama mkwe mlango, tena nimetoka kwa mume bila ruhusa. Mama yangu ananipigia simu analia, anasema ndoa ni kuvumiliana, niombe radhi yaishe. Dada yangu anasema nisiombe radhi kwa mtu, niwaeleze wazee kilichotokea. Nilimwandikia mume wangu nikamsihi aseme yeye, kwa kuwa ndiye aliyeanza kusema. Amenijibu, "Kama una hoja, itoe mwenyewe mbele ya wazee."

Hapo ndipo nilipokwama, ndugu zangu. Nikinyamaza, mimi ndiye mke mwenye kiburi aliyemfungia mjane mlango, na ninarudi kulala kwenye kile chumba. Nikisema, itabidi niwaeleze wanaume wazima, ambao wengine hawajawahi kuniona hata bila ushungi, titi langu likoje. Na najua wataniambia nisione haya, wao ni wazazi wangu.

Nyie nimeweza kuwaambia kwa sababu hamnioni. Wale watakuwa wamekaa mbele yangu wananitazama, na mume wangu katikati yao. Msinitukanie, bado nampenda na hilo ndilo linaloniuma. Niambieni tu, Jumapili niseme au ninyamaze?